Jenga glaida yako kwa jioni moja, uone bawa linavyofanya kazi

Ukitaka kuelewa kwa nini ndege huruka, anza na mkasi. Jioni moja inatosha kutengeneza glaida, yaani ndege ndogo isiyo na injini, ukairusha na kuona kanuni za bawa zikifanya kazi mbele ya macho yako. Vifaa vingi utavipata jikoni na kwenye duka la mtaani.

Shika jambo moja tangu mwanzo: glaida ikiruka vibaya, ipo sababu, na sababu hiyo inaonekana. Itazame ilivyoanguka, kisha rekebisha kitu kimoja tu. Irushe mara tatu ndipo uguse kingine. Wilbur na Orville Wright, ndugu waliotangulia kuruka kwa ndege ya injini, walipita njia hiyo hiyo. Kabla ya kuruka kwa injini Desemba 1903, walikuwa wamerusha glaida yao mamia ya mara mwaka 1902, wakirekebisha na kurudia.

Kusanya vifaa

- Maboksi mawili ya takeaway ya foam, safi na makavu. Ukiyakosa, tumia manila ngumu.
- Kijiti cha mshikaki cha sentimita 30. Hiki ndicho bodi ya ndege.
- Plastisini kidogo ya kuongeza uzito puani.
- Gundi nyeupe ya mbao na selotepu.
- Njiti moja ya kiberiti, rula, kalamu, na mkasi au wembe mkali.

Usitumie superglue kwenye foam. Inaiyeyusha, na kazi yako yote itaishia kwenye shimo.

Vunja ncha kali ya kijiti kabla ya kuanza. Hata ukishaifunika kwa plastisini, usimrushie mtu usoni. Watoto wakiwapo, wembe ushikwe na mtu mzima.

Kata kwa vipimo, siyo kwa macho

Mabawa ni vipande viwili, kila kimoja sentimita 15 kwa 7. Mkia wa kulala ni sentimita 10 kwa 4. Mkia wa kusimama ni sentimita 4 kwa 4. Kata sehemu bapa tu ya boksi, uache mikunjo na maandishi yaliyochongwa.

Chagua vipande vya mabawa kwa makini. Viweke mezani, uinamishe kichwa uvitazame kwa ubavu. Kipande kilichojipinda kitaivuta ndege upande mmoja siku zote. Kikatae sasa, usije ukahangaika nacho uwanjani.

Lainisha kingo kwa msasa mwepesi ukiwa nao. Ukingo uliochanikachanika unavuruga hewa na kukupunguzia umbali.

Lipe bawa tumbo

Bawa bapa linaruka, lakini lililopinda kidogo linabeba zaidi. Kunja taulo, lilaze mezani, weka kipande cha bawa juu yake. Viringisha chupa ya soda juu ya foam, polepole, chupa ikiwa imelala kufuata urefu wa bawa ili upana wake ndio upinde. Rudia mpaka foam ianze kujikunja kuelekea chupa.

Upande uliogusana na chupa ndio utakaokuwa chini. Ukiliweka bawa mezani, katikati ya upana wake pabaki na uwazi wa milimita 3 au 4. Usizidishe. Vipande vyote viwili vilingane, la sivyo upande mmoja utabeba kuliko mwingine.

Mpindo huu una historia ndefu. Mjerumani Otto Lilienthal aliwachunguza korongo, akachapisha vipimo vyake vya mabawa yaliyopinda mwaka 1889, kisha kuanzia 1891 akaruka mwenyewe kwa glaida. Wilbur na Orville Wright nao walipima maumbo ya mabawa yapatayo 200 kwenye kisanduku cha upepo mwaka 1901.

Lijaribu bawa mbele ya feni

Kabla ya kuunganisha chochote, washa feni na usimame hatua moja mbele yake. Shika kipande kimoja cha bawa kwa ncha ya upande mmoja, kwa vidole viwili, bila kukaza. Ukingo wa mbele uelekee feni.

Anza na bawa likiwa limelala sawa. Kisha nyanyua ukingo wa mbele kidogo kidogo. Utahisi vidole vikivutwa juu. Pembe hiyo kati ya bawa na upepo ndiyo usukani wa kila kitu utakachofanya leo.

Endelea kunyanyua. Ukifika mahali fulani, bawa linaanza kutetemeka, kuvutwa juu kunapungua na kusukumwa nyuma kunaongezeka. Hiyo ndiyo stoli. Hewa ya juu ya bawa imeshindwa kuufuata mgongo wake, imebanduka na kuvurugika. Kwa mabawa mengi hutokea pembe inapofika kati ya digrii 10 na 15 hivi.

Unataka kuiona? Bandika vipande vifupi vya uzi mwembamba wa cherehani kwenye mgongo wa bawa, kila kimoja kikiwa na selotepu ndogo upande wa mbele. Pembe ikiwa ndogo, nyuzi hulala kuelekea nyuma. Stoli ikifika, zinachezacheza na nyingine kugeukia mbele. Wahandisi hutumia njia hii hii kwenye ndege za kweli. Ukimaliza, bandua nyuzi zote.

Elewa mambo mawili, mengine yatajileta

La kwanza: bawa linasukuma hewa chini, na hewa inalisukuma bawa juu. Ukiliinamisha nyuma kidogo au kulipinda, linaigeuza hewa inayopita. Shinikizo la hewa juu ya bawa linapungua, la chini linakuwa kubwa kuliko la juu, na bawa linanyanyuka. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mgongo wa bawa, kwa hiyo angalia vidole visiuchubue.

Huenda uliwahi kuambiwa kwamba hewa ya juu hukimbia kwa sababu njia yake ni ndefu na lazima iwahiane na ya chini kule nyuma. Achana na hiyo. Kweli hewa ya juu inakwenda kasi, lakini haikuweka miadi kituoni na mwenzake. Mara nyingi inafika nyuma mapema zaidi. Tena bawa bapa lisilo na njia ndefu wala fupi linaruka pia, na utalithibitisha mwenyewe baadaye.

La pili: kasi inalipa kwa mraba. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kunyanyua huongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, nguvu inakuwa mara tisa. Kumbuka hesabu hii utakapotamani kuirusha kwa nguvu zako zote.

Unganisha

Anza na mabawa. Laza kipande kimoja mezani, nyanyua ncha ya cha pili sentimita 5, vibandike katikati kwa gundi. Weka kitabu chini ya ncha iliyonyanyuka mpaka gundi ikauke. Ukiyatazama kwa mbele, mabawa yawe na umbo la herufi V iliyofunguka sana.

Usiruke hatua hiyo. V ndiyo inayozuia ndege isipinduke. Ikilala upande wa kushoto, inaanza kuteleza kushoto, na bawa la kushoto linakutana na hewa kwa pembe kubwa kuliko la kulia. Linabeba zaidi, linanyanyuka, ndege inasimama sawa. Haihitaji rubani.

Sasa kijiti. Pima sentimita 8 kutoka puani, weka alama. Hapo ndipo ukingo wa mbele wa bawa utakapokaa. Pachika njiti ya kiberiti kati ya kijiti na ukingo huo wa mbele, ili bawa litazame juu kidogo kuliko mkia. Lifunge kwa selotepu kwanza. Gundi itasubiri mpaka ndege iruke vizuri, maana huenda ukahitaji kulisogeza.

Mkia wa kulala ubandike mwisho kabisa wa kijiti, ukiwa bapa na sambamba nacho. Mkia wa kusimama ukae juu yake, katikati. Simama nyuma ya ndege ufumbe jicho moja. Mkia wa kulala ulingane na mabawa pande zote mbili, na ule wa kusimama usiegemee popote.

Sawazisha kabla ya kurusha

Hii ndiyo hatua inayoamua. Weka alama chini ya kila bawa, sentimita 2 kutoka ukingo wa mbele, karibu na bodi. Ibebe ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo.

Mkia utaanguka. Ongeza plastisini puani, kidogo kidogo, mpaka ndege ikae sawa au pua iiname kidogo sana. Hapo kitovu cha uzito kipo mahali pake.

Sababu ni fupi. Uzito ukiwa mbele ya kutosha, mkia unaweza kusahihisha makosa. Pua ikipanda, hewa inaugonga mkia kwa chini na kuunyanyua, pua inarudi. Uzito ukiwa nyuma, mkia hauna nguvu ya kurudisha kitu, na hakuna urushaji utakaokuokoa.

Irushe kwa adabu

Chagua ukumbi, darasa tupu au uwanja wa nyasi. Nje, nenda asubuhi na mapema au jioni upepo ukitulia. Ukiwa pwani, usisubiri mchana, maana upepo wa baharini utaibeba ndege yako hadi kwa jirani. Kukiwa na upepo mwepesi, rusha kuuelekea.

Shika kijiti chini ya mabawa, karibu na kitovu cha uzito. Pua itazame mbele na chini kidogo, kama unalenga ardhi mita kumi mbele yako. Isukume kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, uiachie. Usiipige kama jiwe. Ukiirusha kuelekea mawinguni itasimama angani, iingie stoli, ikuaibishe.

Isome ilivyoanguka

*Inapanda, inasita, inaporomoka, inapanda tena.* Hiyo ni stoli. Ongeza plastisini kidogo puani, kiasi cha punje ya mchele. Ikiendelea, kunja ukingo wa nyuma wa mkia wa kulala uelekee chini kwa milimita moja.

*Inachomeka moja kwa moja chini.* Pua ni nzito mno au mkia haushiki. Kwanza kunja ukingo wa nyuma wa mkia wa kulala uelekee juu milimita moja au mbili. Isipokubali, punguza plastisini.

*Inakata kushoto.* Itazame kwa nyuma. Mara nyingi bawa moja limejisokota. Ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto ukiwa umepanda kuliko wa kulia, ushushe mpaka kingo zilingane. Mabawa yakiwa sawa, kunja ukingo wa nyuma wa mkia wa kusimama kidogo kuelekea kulia. Ikikata kulia, geuza maelekezo haya.

*Inapiga duara juu na kurudi kichwani kwako.* Umeirusha kwa kasi kubwa. Zile mara nne za nguvu ndizo hizo. Punguza mkono kabla ya kugusa ndege.

*Inapinduka ubavu.* V ya mabawa ni ndogo, au umeiachia ikiwa imeinama. Rusha tena mkono ukiwa sawa. Ikirudia, ongeza V.

*Inaruka sawa lakini inashuka haraka.* Uko karibu. Toa plastisini punje moja moja mpaka ianze kusita kidogo, kisha rudisha punje ya mwisho. Hapo ndipo penye umbali mrefu zaidi. Sasa weka gundi.

Pima, usikadirie

Rusha kutoka urefu wa bega, tuseme mita 1.5. Pima umbali hadi ilipogusa ardhi, ugawanye kwa 1.5. Ikienda mita 7.5, jibu ni 5: kwa kila mita inayoshuka, inasonga mita tano mbele. Kwa ndege ya mezani, hiyo ni kazi nzuri.

Glaida bora za mashindano, zile zinazobeba mtu, huvuka 50. Ndege ya abiria nayo si mzigo wa chuma unaoanguka injini zikizima. Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani. Ikaelea umbali mrefu bila injini, ikatua Gimli, Kanada, na abiria wote wakatoka hai. Ilikuwa ikisonga takriban mita 12 kwa kila mita moja iliyoshuka.

Andika matokeo yako kwenye daftari. Unapopima umbali, rusha mara tano kwa kila badiliko, uchukue wastani. Mrusho mmoja mzuri unaweza kuwa upepo tu.

Majaribio matatu ya kufanya wiki hii

Moja, kata bawa bapa lenye vipimo vile vile na ulibadilishe na lile lililopinda. Litaruka, ila litashuka haraka zaidi. Umeshajibu swali la njia ndefu na fupi kwa mkono wako.

Mbili, tengeneza bawa jembamba na refu: vipande viwili vya sentimita 21 kwa 5. Eneo ni lile lile, sentimita za mraba 210. Ukingo wake wa mbele uanzie sentimita 8.5 kutoka puani, na usawazishe upya kwenye sentimita 1.5 nyuma yake. Hewa ya chini hupenda kuponyoka kwenye ncha za bawa kwenda juu, ikizunguka na kula nguvu zako. Bawa refu na jembamba linapunguza hasara hiyo, na ndege kwa kawaida inakwenda mbali zaidi.

Tatu, kunja ukingo wa nyuma wa mabawa yote mawili uelekee chini milimita 5. Hizo ni flapu. Rusha polepole kuliko kawaida. Ndege itabebwa kwa kasi ndogo, lakini itashuka kwa mteremko mkali zaidi, maana ukinzani wa hewa umeongezeka. Pua ikiinama sana, kunja mkia wa kulala juu kidogo.

Ukikata tiketi, omba dirisha nyuma ya bawa

Sasa una macho ya kuangalia ndege kubwa. Ndege ikikaribia kutua, utaona flapu zikitoka nyuma ya bawa, hatua kwa hatua. Rubani anafanya jaribio lako la tatu: anataka bawa libebe kwa kasi ndogo. Magurudumu yakigusa lami, vibao vinasimama juu ya bawa. Hizo ni spoila. Zinavuruga hewa makusudi ili bawa liache kubeba, uzito uhamie kwenye magurudumu na breki zishike.

Tazama pia umbo la bawa. ATR 72, zinazotumiwa na Precision Air, zina mabawa ya mita 27 kutoka ncha hadi ncha, lakini eneo lake ni kama mita za mraba 61 tu. Hilo ni bawa lako jembamba la jaribio la pili. Dreamliner 787-8 za Air Tanzania na Kenya Airways zina mita 60, na ncha zake zimechongwa kuelekea nyuma kupunguza ule mzunguko wa hewa. Ndege nyingine huusumbua mzunguko huo kwa wingleti, vile vibawa vilivyosimama nchani.

Ukiruka kutoka Nairobi, hesabu sekunde za kukimbia barabarani, ulinganishe na ndege ya aina ile ile ikitoka Mombasa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Hewa kidogo maana yake bawa linapata kitu kidogo cha kusukuma chini, kwa hiyo ndege inahitaji kasi zaidi. Ndiyo sababu mojawapo ya njia yake ya kurukia kuzidi kilomita 4.

Kama unafundisha au una watoto nyumbani, gawa kazi: mmoja akate, mmoja apime, mmoja aandike. Kila kikundi kibadilishe kitu kimoja tu. Mwisho wa siku, mshindi awe yule anayeweza kusema kwa nini ndege yake imekwenda mbali. Umbali peke yake usimpe mtu ushindi.